Neno la Kumi

Kidole changu kiliishia kwa Habibu, na neno moja likabaki hewani.

Sisi hatuhesabu watu kwa namba. Mtunza sinagogi, kazi yangu hadi leo, hunyoosha kidole na kumpa kila mwanamume neno moja la aya fupi, ile inayomwomba Mungu awaokoe watu wake. Maneno yake ni kumi. Neno la mwisho, "milele", likimpata mtu, sala huanza. Alhamisi ile ya Juni, miaka hamsini iliyopita, "milele" ilikosa mwenyewe.

"Ingekuwa harusi, tungekuwa themanini," alisema mzee Habibu.

"Harusini kuna nyama, mzee," mtu akamjibu.

Hakuna aliyecheka sana. Tulikuwa tumechoka. Tangu vita vianze, miezi minane, kijiji chetu cha milimani Galilaya kilikuwa kimeishi kando ya redio, kikingoja majina ya mateka walioshikiliwa Damaski. Tuliwangoja wawili, Ovadia na Nahumu, vijana wa kifaru kimoja. Majina yaliposomwa, letu lilikuwa moja: Ovadia. Wanawake walianza vigelegele, wakaikumbuka nyumba ya Murdakhi, baba yake Nahumu, wakanyamaza, kisha wakaanza tena kwa sauti ya chini, kama watu wanaoimba karibu na mgonjwa. Wiki iliyofuata maiti ya Nahumu ililetwa, tukamzika.

Sasa Ovadia alikuwa ameketi benchi la mbele, shati likimning'inia. Kwetu, mtu aliyetoka kifungoni humshukuru Mungu mbele ya wanaume kumi, Torati ikiwa wazi. Saa nne gari la jeshi lingemrudisha hospitali. Vijana wengine walikuwa bado mpakani. Kijijini alibaki mwanamume mmoja tu: Murdakhi. Tangu amalize siku saba za matanga, hakuwa amevuka kizingiti chetu.

Nilimfuata. Ovadia akaja nyuma yangu taratibu, kwa miguu iliyosahau mlima.

Tulimkuta kwenye shamba lake la mapichi, ameinama juu ya mpira wa maji uliopasuka.

"Najua mko tisa," alisema bila kugeuka. "Nimewaona mkipita."

"Tuko tisa," nikasema.

"Sabto, usiniombe. Nimeomba miezi minane. Nimemwandikia mwanangu barua kumi na nne. Leo nije niitikie amina kwa mtoto wa mwenzangu?"

Aliyemjibu ni Ovadia, na hakusema nilichotarajia.

"Ami, yangu yanaweza kungoja. Nahumu alikufa siku ya kwanza, kabla jua halijatua. Nilikuwa naye. Kule Damaski nilikuwa peke yangu, na dua ya wafiwa haisemwi na mtu mmoja. Mlipomzika nilikuwa kitandani hospitali. Sijamwitikia amina hata moja. Njoo uisome, niitikie."

Murdakhi alinyooka polepole.

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza, ami. Sikuwa na njia ya kukuambia."

Maji yaliendelea kutiririka baina ya miti. Murdakhi aliyatazama kama mtu anayerudia barua zake moja moja.

"Aliumia?"

"Hapana."

Sikumuuliza Ovadia siku ile, wala miaka yote iliyofuata, kama jibu lile lilikuwa la kweli.

Murdakhi aliingia sinagogini na viatu vyake vya shamba, akasimama karibu na mlango. Nikanyoosha kidole, nikampa neno lake. Torati ilifunguliwa. Ovadia alishukuru kwa sauti ambayo ilibidi tuiname kuisikia, nasi tukamwitikia kwamba aliyemtendea mema na azidi kumtendea. Sauti nane zilikwenda pamoja. Ya tisa, ya Murdakhi, ilikuja nyuma, ikikwaruza, lakini ilifika hadi mwisho.

Wanawake walikaa nyuma ya pazia lao. Walikuwa wameleta peremende za kumrushia Ovadia, kama inavyofanywa kwa mtu mwenye furaha, na sasa hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza.

Murdakhi akaligeukia pazia.

"Rusheni, jamani," alisema. "Kwa joto hili zitawayeyukia mikononi."

Wakarusha, kidogo kidogo. Moja ilimpata Habibu kwenye upara.

"Mimi sijatoka popote," alinung'unika. "Mrushieni mwenyewe."

Mwisho wa sala, Murdakhi alisoma dua ya mwanawe, miguu yake katikati ya peremende. Amina ya Ovadia ilitangulia zetu zote.

Murdakhi amekwisha kufa, na siku hizi tunajaa hadi nje. Bado nikifika kwenye neno la kumi, hutazama mlangoni kwanza.

Walipoondoka siku ile, nilibaki kufagia. Peremende za karibu na mlango zilikuwa zimegandamana na matope ya viatu vya Murdakhi. Fagio halikuziweza. Nilipiga magoti nikazibandua kwa kisu, moja baada ya nyingine.