Faili Limeota Miguu

Maumivu yalimwanza Mama Mafaili kitovuni, saa mbili asubuhi, akiwa kwenye dirisha lake la mapokezi na foleni imefika mlangoni. Alidhani ni njaa. Ilipofika saa nne yalikuwa yamehama kitovuni na kuteremkia upande wa kulia, karibu na nyonga, yakakaa hapo kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote. Alitapika kwenye ndoo ya kupigia deki, akajifuta mdomo, akamwita mgonjwa aliyefuata. Mgonjwa mwenyewe, mzee wa watu, akamtazama akatikisa kichwa.

"Mama, hebu tupishane. Njoo ukae huku kwenye foleni, mimi nikae huko."

Jina la Mama Mafaili alipewa na watumishi wenzake wa kituo cha afya, naye hakulikataa. Miaka kumi na saba alitunza chumba cha mafaili, rafu tisa za majalada ya kahawia, na ungemweleza sura tu ya mgonjwa angekwambia jalada lake liko rafu ya ngapi. Kisha ukaja mtandao. Kituo kikaunganishwa na hospitali kuu pamoja na vituo vingine vyote, majalada yakapakiwa kwenye lori, na chumba kile kikapakwa rangi nyeupe, kikawekwa kitanda, kamera na skrini kubwa ukutani. Humo ndimo daktari wa hospitali kuu alimoonekana, kuanzia kifuani kwenda juu. Wakamwita Daktari wa Ukutani. Hata gari la wagonjwa halikuja tena kwa simu ya kituo, mpaka yeye abonyeze kwake.

Mama Mafaili hakuupinga mtandao. Alikwenda semina siku tatu, akarudi na cheti, na aliushika mfumo upesi kuliko vijana. Ila kulikuwa na jambo moja lililomkaa kooni.

Miaka sita nyuma, wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, hana bima mbele wala nyuma. Kidole tumbo kikamvimba akiwa chuoni. Mama Mafaili akampa kadi yake ya bima bila kufikiri mara mbili. Picha ya kwenye kadi ilikuwa na ukubwa wa ukucha, ukungu mtupu, na pale mapokezi hakuna aliyejisumbua kuitazama. Binti akapasuliwa hospitali kuu kwa jina la wifi yake, akapona, akarudisha kadi.

"Na jalada langu la kule?" Mama Mafaili alimuuliza siku ile.

"Litabaki kulekule. Faili halina miguu."

Mwaka jana likaota miguu. Siku kituo kilipounganishwa, Mama Mafaili alifungua rekodi yake kwa udadisi tu, akakuta mstari ambao hakuuandika yeye: kidole tumbo, kimeondolewa. Chini yake palikuwa na kitufe cha kuomba marekebisho. Akakibonyeza. Mfumo ukataka sababu, ukataka na jina la mkuu wa kituo wa kuithibitisha. Akafunga ukurasa. Kumwazima mtu kadi ni kosa la kufukuzwa kazi, na muuguzi aliyetibiwa kwa kadi ya mwenziwe hanusuriki na leseni yake. Na wifi sasa alikuwa muuguzi, tena wa kituo hichohicho, tena barua ya kumfanya muuguzi mkuu ilikuwa njiani. Watumishi walikuwa wakitania kwamba kituo kina wifi wa aina mbili: mmoja hukatika mvua ikinyesha, mwingine hata mvua ya mawe haimkatishi maneno. Yaliyopita si ndwele, Mama Mafaili akajiambia. Waoga wana methali zao, nao huzitumia vizuri.

Siku ile ya maumivu, wifi ndiye aliyekuwa zamu. Alimshika mkono akamwingiza kwenye chumba cheupe, akamlaza kitandani, palepale ilipokuwa rafu ya saba.

"Yameanza lini?"

"Asubuhi. Usinipigie kelele."

"Na ulikuwa unaandikisha watu? Wifi, una wazimu wewe."

Akambonyeza tumbo upande wa kulia, taratibu. Mama Mafaili akauma meno akavumilia. Wifi alipoachia mkono ghafla, akapiga ukelele uliosikika hadi dirisha la dawa. Mikono ya wifi ikabaki hewani. Wakatazamana. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake amejua.

Daktari wa Ukutani akatokea. Wifi akamsomea joto la mwili, akamweleza maumivu yalivyohama, kutapika, na ule ukelele wa mkono kuachiwa. Alieleza vizuri, hakuacha kitu, isipokuwa kimoja.

"Ningesema kidole tumbo moja kwa moja," alisema daktari, macho yake pembeni, kwenye skrini nyingine. "Lakini naona alishatolewa hapahapa kwetu. Mama, ni kweli ulipasuliwa?"

Mama Mafaili alitazama dari. Aliogopa kufa, na aliogopa kusema, na hofu ya kusema ndiyo iliyokuwa na sura: sura ya mkuu wa kituo akifungua barua, sura ya mumewe akiuliza, mdogo wangu mmemfanya nini? Kufa kulikuwa bado mbali. Halafu akawaza, kwani lazima niseme mimi? Mwenye kupasuliwa si huyu hapa amesimama? Akasubiri. Wifi alikuwa akikunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Ndiyo, daktari," akasema Mama Mafaili.

"Basi utakuwa mkojo, au kizazi. Mtundikieni dripu, sindano ya maumivu na ya vijidudu, mkojo upimwe. Nitamwona saa kumi."

Skrini ikawa nyeusi.

Wifi hakutulia. Kila robo saa alikuwa mlangoni, akigusa dripu isiyo na tatizo. Majibu ya mkojo yalirudi safi kabisa. "Labda kipimo kina hitilafu," alisema, bila kumtazama mgonjwa wake. Mama Mafaili akamjibu kwamba labda. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, na hofu ikazidi kukua katikati yao kila mmoja akiiona.

Saa nane kasoro, maumivu yakakatika.

"Wifi!" aliita Mama Mafaili, machozi ya furaha yakimtoka. "Wifi, njoo! Yameisha! Nilikwambia mimi si wa kufa leo."

Wifi alikuja mbio, akasimama ghafla miguuni pa kitanda.

"Yameisha polepole au mara moja?"

"Mara moja. Kama kitu kimeachia."

Wifi alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nini? Wifi, nini?"

"Kimepasuka." Sauti ilikuwa ndogo, si yake. "Nilipolazwa mimi, dada wa kitanda cha jirani alifurahi hivyohivyo. Akaomba na chai. Jioni walimfunika shuka."

Baridi ikamwingia Mama Mafaili kuanzia nyayoni. Alipogusa tumbo lake alilikuta gumu kama ubao, na pumzi zake zimekuwa fupi. Sasa kufa kulikuwa karibu, kulikuwa humo chumbani, na kulikuwa na sura kuliko barua zote za mkuu wa kituo. Alitaka kusema. Meno yaligongana, maneno hayakutoka.

Wifi alikuwa ameshabonyeza kengele. Daktari akatokea na kikombe mkononi.

"Sista, si tulikubaliana saa kumi?"

"Daktari, ni kidole tumbo na kimepasuka. Naomba gari."

"Kidole tumbo hana. Rekodi ipo."

"Rekodi ni ya uongo."

"Imeingizwa na hospitali yetu, sista. Na mwenyewe amekiri asubuhi, wewe ukisikia."

Wifi alifunua shuka akaigeuza kamera. Tumbo la Mama Mafaili lilikuwa na michirizi ya kuzaa mara tatu, basi, hakuna kingine.

"Unaona kovu?"

"Picha haitulii. Na makovu ya siku hizi ni madogo, huwezi kuya—"

Wifi alifungua vifungo vya gauni lake jeupe, kimoja baada ya kingine, akasogea mbele ya kamera, akashusha kiuno cha sketi ya ndani upande wa kulia. Kovu lilikuwa refu, jeusi, limeshonwa kwa haraka.

"Kovu liko huku," alisema. "Mlinipasua mimi, kwa kadi yake. Andika." Akamtajia jina lake, akamtajia na namba ya leseni yake, tarakimu moja moja, akisubiri kila moja iandikwe.

Daktari aliweka kikombe chini. "Gari linatoka sasa hivi," alisema.

Njia ilikuwa ya dakika arobaini. Wifi alikaa chini kwenye gari, vifungo viwili bado wazi, kashika mkono uliokuwa ukizidi kupoa.

"Asubuhi nilikuwa nakusubiri wewe useme," alinong'ona Mama Mafaili.

"Najua. Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

"Ungeniacha?"

Wifi alimvutia blanketi hadi shingoni. "Sijui, wifi," alisema. "Hilo ndilo linaloniogopesha."

Kwenye mlango wa upasuaji karani aliomba kadi ya mgonjwa. Alikuwa ameshapigiwa simu kuhusu kadi ile. Aliisogeza kadi kwenye taa, akatazama picha, akamtazama Mama Mafaili usoni, akairudia picha tena, huku machela imesimama na midomo ya mgonjwa ikigeuka rangi.

"Ndiye," alisema wifi, akilia. "Mpitishe, ndugu yangu. Safari hii ndiye."