Magunia Yaliyosubiri Mwanga

Na nani, hebu sema, ni mtu gani mwenye akili zake anayemzuia kaka yake asishushe magunia yanayotaka kuanguka, ati asubuhi mwanga utakuwa mzuri? ... swali limemng'ang'ania dada mtu pale kwenye sinki, mikono imezama kwenye povu, sahani imeshatakata na bado anaisugua, na nyuma ya pazia, sebuleni, msimamizi wa ghala anamwambia mama, "Mama yangu, haya ni mambo ya kazi, hutokea," kwa ile sauti laini ya watu wanaokuja na mkate na sukari kuomba msamaha kabla hujajua unasamehe nini, na mama anaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, mama yao huyu, akiona mtu amechomekea shati basi hoja zote zimekwisha, na binti mwenye digrii, ile digrii iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu kama picha ya marehemu, anaosha vyombo na kuvipanga, sahani kubwa chini, ndogo juu, vibakuli juu yake, na jicho, jicho hili lisilo na adabu, limeshaona jinsi povu linavyoteremka pembeni na kwamba ukiinama kidogo ukipigia kutoka chini... laana gani hii, kaka yuko wodini mguu umening'inizwa kama nguo kwenye kamba, na yeye anatafuta pembe ya kamera! Ilianza kwa hasira tu, si sanaa, nani ana sanaa na njaa, ilianza siku alipopata jibu jingine la maombi ya kazi, we regret to inform you, akatoka nyumbani asije akamtukana mtu, akafika kwenye mto uliokauka akakuta mawe bapa yamepandana, jiwe juu ya jiwe, hakuna aliyeyaomba sifa ya uzoefu wa miaka mitano, yamesimama tu, akayapiga picha kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na tangu hapo akawa haoni kingine, trei za mayai dukani, matairi kwa fundi wa pancha, viti vya plastiki vilivyorudishwa kutoka harusini, uyoga uliojipanga kwenye gogo kama vibandiko, magodoro, ndoo, mawingu, dunia nzima imepandana na yeye yuko chini kabisa, hapo ndipo utamu ulipokuwa, akaziweka mtandaoni, watu asiowajua wakaandika wow, wakaandika una jicho, dada... jicho, naam, jicho analo, kilichokosekana ni kichwa. "Tumempa matunzo mazuri," msimamizi anasema, "daktari mwenyewe kanihakikishia." Wamempa matunzo! kama ng'ombe, na huyo anayepewa matunzo ndiye pekee hapa nyumbani ambaye hakuwahi kucheka, mama alisema mwanangu amechanganyikiwa anapiga picha ndoo, majirani walisema ndiyo matunda ya kusoma sana, lakini kaka, mbeba magunia, mabega yake yamekuwa magumu kama soli, alizitazama zote moja moja akasema, "Profesa, hivi vyako ni vitoto, njoo ghalani nikuonyeshe baba yao." Akaenda. Jioni, wenzake wameshaondoka, harufu ya nafaka na vumbi, magunia yamepanda mpaka kwenye bati, na kaka akimweleza kwa mikono, unaona, gunia hulazwa hivi, la juu yake unalikatisha hivi, yapishane, yakamatane, na kila ukipanda unarudi ndani kidogo, "lakini wiki hii bosi wetu msimamizi hataki, malori yamejaa getini, tukianza kupishanisha anatupigia kelele, mnafuma mikeka nyie? Nyoosha, pandisha, twende," na kweli yalikuwa yamenyooshwa, yote yanatazama upande mmoja, na rundo moja lilikuwa limevimba tumbo kuelekea njiani, limeinama kama mtu anayesikiliza umbea, na kaka alikuwa ameshaishika ngazi, "Hili tumbo silipendi, nashusha ya juu kabla sijaondoka," na yeye, msomi, mwenye jicho, akasema... akasema, "Kaka, please, usiliguse, limekaa vizuri mno, niachie mpaka asubuhi jua likiingia mlangoni." Akasema hivyo. Kwa mdomo huu. Akapiga moja ya majaribio pale pale, gizagiza, kaka ameshika ngazi anaangalia juu, naye akaishusha ngazi akicheka, "Haya, Profesa, likinidondokea utanisukuma kwenye kiti cha magurudumu," na wakacheka wote wawili, wakatoka wanacheka, na usiku akaiweka mtandaoni hiyo ya majaribio, ikapendwa kuliko zote, akakesha anasoma wow za watu, na asubuhi akapitiwa na usingizi... kaka aliwahi, akaliacha rundo kama alivyoahidi, hakulishusha kwa sababu Profesa hajafika, akaendelea na kazi chini yake, chini ya lile tumbo, lori likarudi nyuma likagusa nguzo, rundo likamshukia mguuni, kwisha. Ile picha aliifuta mtandaoni, lakini simu haijafuta, simu haina huruma, imo humo humo, kwenye mfuko wa gauni, anaisikia inavyogusa paja. "Tatizo la vijana, mama yangu," sauti imebadilika kidogo, sasa inafika inakokwenda, "ni kutokuwa makini. Yeye mwenyewe amekiri aliliona rundo limeinama, akasahau kulishusha. Sasa kampuni, kwa ubinadamu tu, imegharamia mpaka hapa, lakini nawe uelewe, kosa ni la kijana, matibabu ya kuanzia sasa..." na kijiko cha mama kinagonga kikombe, na dada mtu pale jikoni ameacha kusugua. Amekiri. Alikiri nini? kaka alimwambia wodini, kwa sauti ya chini, midomo imekauka, "Nimesema nilisahau. Wewe nyamaza, usinivurugie, mama akijua atakuchukia," na yeye akalia, akamshika mkono, akanyamaza, akaona kunyamaza ndiyo adhabu yake, ataubeba mzigo huu moyoni peke yake, kila usiku atajiita muuaji hata kama hajaua, kumbe... ngoja... kumbe huo uongo wa mapenzi ndio alioushika huyu bwana kama mpini, ndio anaomkatia nao kaka yake pale sebuleni, kaka anamficha dada, dada anaficha picha, na katikati yao msimamizi anapita na viatu vyake vinavyong'aa, maana ukimtazama huyu dada anavyojihukumu, mimi, mimi, ni mimi, hakuna nafasi iliyobaki ya mtu mwingine kuwa na kosa, amejaza kizimba chote peke yake, hata katika dhambi anataka kuwa wa kwanza darasani! Na ile picha, afikirie vizuri, ile picha haina yeye tu ndani yake, ina magunia yanayotazama upande mmoja kutoka sakafuni mpaka kwenye bati, ina kaka na ngazi mkononi, mtu makini kabisa, mtu aliyeliona tumbo na kutaka kulishusha, ni picha ya kosa lake na ya kosa la yule, haziwezi kukatwa zikatenganishwa, akiionyesha mama atajua, na mama atamtazama kwa macho ambayo hajawahi kumtazamia, na huenda hatayaondoa macho hayo maisha yake yote, sawa, na ayatoe, lakini kaka hatapoteza mguu na kazi na jina ili Profesa aendelee kupendwa... maji bado yanatiririka, sahani ile ile mkononi, sebuleni mama anavuta pumzi ya kujibu, na dada mtu, bila hata kugeuka kwenye sinki, anasikia sauti yake mwenyewe ikipita kwenye pazia, kavu, haina hata salamu: "Bosi, kaka hakusahau, mimi ndiye niliyemwomba asilishushe, mama unisikie, ni mimi, nilitaka picha, nami ninayo hapa, hilo ni langu na nitalisema popote mtakaponipeleka, na sasa wewe, ukiwa umekaa kwenye kiti chetu, mtazame mama usoni umwambie: nani aliamuru magunia yasipishanishwe, na kwa nini gharama ya amri hiyo ilipwe na mguu wa kaka yangu?"