Mkono wa Kuzuia Sumu

Kwa maneno ya jirani wa ukuta mmoja, mama alikuwa akinywa chai mlangoni, tonge la mkate likamkwama, akaanguka na kikombe chake, shingo yote ikageuka buluu kama wino. Jirani huyo hasimulii jambo bila kulitia chumvi. Lakini kikombe kilivunjika kweli, na mama alikuwa kitandani, nyuma ya pazia la karakana ya kushonea, anahema kama aliyepanda mlima na gunia, uvimbe wa kooni umetuna chini ya mtandio.

Binti hakumkasirikia jirani. Alimkasirikia baba, ambaye aliposikia neno buluu alisimamisha cherehani na kutabasamu.

"Umesikia, mwanangu? Ndiyo Shiva yule, mungu wa Wahindu. Miungu walipoisukasuka bahari ya maziwa kama mtindi, ilitoka sumu, naye akainywa ili dunia ipone. Hakuimeza, hakuitema, aliizuia kooni, koo likawa buluu. Sasa mlima waliousukia bahari ni uti wa mgongo, nyoka aliyekuwa kamba ya kuuzungusha ni pumzi, na sumu ni hasira. Visa vyote vya Wahindu vimo mwilini humu. Mama yako amebeba hasira za nyumba hii. Akipasuliwa uvimbe huo, zitamwagikia wapi?"

"Zimwagikie aliyezipika, baba."

"Chunga ulimi."

Aliuchunga, kama alivyouchunga mwaka mzima, maana mama hakubali kwenda hospitali bila neno la mumewe. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Yeye aliziona zinaoza mkononi. Akaliinamia gauni la mama lililokuwa mezani. Kola ilikuwa imefumuliwa, ikatanuliwa, ikafumuliwa tena. Mshono haukuwa wake, na mafundi wa pale ni wawili tu, yeye na baba.

 Kumbe shingo ile baba alikuwa akiipima kwa futi, huku mdomoni akiigeuza hadithi.

"Hadithi yako umeikata pindo, baba. Nilipokuwa mdogo ulinisimulia yote. Shiva alipokunywa, mkewe alimshika koo kwa mkono wake, sumu isishuke. Hakukaa pembeni kufasiri."

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa kitanda.

Binti akalivuta pazia, akaufungua mtandio.

"Njoo uweke mkono hapa. Gusa, kisha uniambie kama ni hasira au ni nyama. Njoo, baba."

Baba alikanyaga cherehani. Chini ya sindano hapakuwa na nguo.