Mdomo Uguse Sponji

Serikali ilitangaza mafua mapya kwa mtindo wake yenyewe: iliwaita watu uwanjani, wakajaa pomoni, bega kwa bega, ili waambiwe wasikusanyike. Ndiyo, hivyo hivyo. Hata Fundi Spika, mwenye mitambo ya sauti, hakuona ajabu. Alikuwa amepata kazi baada ya ukame mrefu, basi.

Jukwaani Fundi alikuwa na amri moja, na kwa amri hiyo hakumwogopa mtu: mdomo uguse sponji. Maiki yake, yenye sponji kichwani, ilikuwa kuukuu, ukiisogeza mbali inapiga yowe la kutoboa masikio. Mkuu wa mkoa akagusa, akakohoa, akasema watu waache kupeana mikono. Daktari akagusa, akasema watu waache kuchangia vikombe. Mchekeshaji akagusa, akaigiza mgonjwa anavyopiga chafya, uwanja mzima ukavunjika mbavu. Na sponji ile ile, iliyolowa mate ya wakubwa, ikamfikia mke wa Fundi, muuguzi wa zahanati, aonyeshe namna ya kunawa. Yeye aliishika mbali. Maiki ikapiga yowe.

"Isogeze mdomoni, mama! Unanitia aibu," Fundi akamkaripia mbele za watu.

Mkewe hakuisogeza. Alimaliza maneno yake kwa kupaza sauti, akashuka amenuna, akaenda moja kwa moja kwenye zamu yake.

Jioni Fundi alibaki nyumbani na binti yao, kitinda mimba, ambaye hata shule hajaanza. Walikuwa na kamchezo kao. Baba akirudi na mitambo, mtoto hupanda juu ya kochi na kuhutubia. "Ndugu wananchi!" alifoka, midomo imezama kwenye sponji kama alivyofundishwa, na Fundi akapiga makofi mpaka viganja vikamuwasha. Kisha akaitupia maiki sandukuni, maana mikutano sasa ilikuwa marufuku.

Wiki haikuisha. Fundi alikuwa kibandani kwake akichomelea nyaya za redio ya mteja, redio yake mwenyewe ikiongea pembeni. Ikasema mkuu wa mkoa amelazwa, hali yake ni mbaya. Ikasema daktari anapumulia mashine. Kisha mtangazaji akasita, akasema mchekeshaji amefariki alfajiri.

Fundi akaganda. Walivyopanda jukwaani ndivyo redio ilivyowataja, mmoja baada ya mwingine, na baada ya mchekeshaji alipanda mke wake. Kifaa cha moto kikamponyoka, kikamuunguza mguu, wala hakukiokota. Alitoka mbio, kibanda wazi, watu wakimshangaa.

Alimkuta mkewe uani anaanika nguo.

"Unaumwa? Niambie ukweli, mama. Kichwa? Kifua?"

"Una wazimu? Mimi mzima. Nimetoka zamu, nafua."

"Ile maiki..."

"Sikuigusa na mdomo. Si ulinifokea mbele ya umati mzima? Ilikuwa inanuka mate ya watu, baba. Nilikuwa nataka nikwambie uioshe, nikasema huyu na mitambo yake, nimwache."

 Fundi alikaa chini kwenye maji ya sabuni, akalia kwa furaha bila kuona haya, akisema asante, asante, na mkewe akacheka kidogo, hasira zote zimemtoka.

Kisha yule muuguzi akaacha kucheka.

"Baada yangu," akauliza polepole, "nani mwingine aliishika?"

 Fundi aliinuka, akaingia ndani kwa kupapasa ukuta kama kipofu.

Mtoto alikuwa amesimama juu ya kochi, sanduku liko wazi, maiki mkononi, waya unaning'inia haujachomekwa popote. Macho yalikuwa mekundu, jasho linamtiririka. Midomo yake ilikuwa kwenye sponji, inafunguka na kufungika, na sauti haitoki.

"Baba," akanong'ona kwa koo lililokauka, "washa. Hawanisikii."