Beseni la Kapteni

Jumamosi ya pili ya Novemba, saa mbili asubuhi, Truphena Ayuma alifunga mlango wake Buruburu, akabeba chupa ya chai na viazi vitamu vitatu, akaenda kumtembelea babu yake katika bustani ya kumbukumbu ya vita iliyo ng'ambo ya reli. Alivaa gauni la kanisa na kilemba cheupe. Goti la kushoto lilimuuma, lakini goti hilo halijawahi kuulizwa maoni yake.

Bustani ile ni tulivu, na anayeisema vibaya ni mwongo. Nyasi hukatwa kila wiki, mawaridi hupogolewa, na mawe meupe yamepangwa safu kwa safu, kila jiwe na jina la mtu, cheo chake, umri wake na aya ya Biblia. Langoni pana bango linaloomba kimya. Kule nyuma kabisa, karibu na bomba la maji, ukutani pamebandikwa kibao kimoja: wapagazi waliokufa vitani, majina yao hayajulikani.

Wapagazi wenyewe wako papo hapo chini ya kibao. Ni mia mbili na kumi na wawili, mstari mmoja kutoka kwenye bomba hadi kwenye ua wa michongoma, na wote wana mizigo kichwani. Wamesimama hapo tangu Vita vya Mjerumani, vile vya kwanza. Zedekiah, mtunza bustani, hukata nyasi akiwazunguka miguuni, na wakati wa kiangazi huwanyunyizia maji kidogo ili vumbi litulie.

Kweyu, babu yake Truphena, alikuwa wa saba kutoka kwenye bomba. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, na alikuwa na mwanya uleule wa baba yake Truphena. Kichwani alibeba beseni la bati la kuogea, kubwa, la kumtosha mtu mzima akinyoosha miguu. Lilikuwa mali ya Kapteni Thornbury, ambaye yuko safu ya tatu, chini ya jiwe lenye aya ya Zaburi.

"Mulembe, Kuka," Truphena alimwamkia babu kwa Kiluhya.

"Mulembe, mjukuu wangu."

"Leo utatua mzigo?"

"Bado hatujaambiwa."

Hilo ndilo jibu alilolipata miaka kumi na tisa mfululizo. Alikuwa amejaribu maombi, alikuwa amemleta mchungaji, mwaka mmoja hata alilia. Kweyu alimsikiliza kwa adabu, shingo ikitetemeka, beseni likabaki palepale. Na sasa mwanawe Truphena alikuwa amemjengea mama yake nyumba Butere, na mwanzo wa Desemba angehamia huko moja kwa moja. Kweyu asipotua mwaka huu, Truphena angekufa akijua kwamba babu yake bado amesimama Nairobi na beseni la mtu kichwani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, lakini huyu hakuwa mwenzio. Alikuwa damu yake, na mzigo wake ulimlemea.

Zedekiah alizima mashine ya nyasi.

"Mama, nikuambie kitu? Hawa ni watu wa kazi. Mimi nikiwa na ovaroli wananisalimia vizuri. Siku moja nilikuja na suti, nilikuwa natoka harusi, hakuna hata mmoja aliniangalia."

Truphena alimtazama, akajitazama na gauni lake la kanisa, akaona haya. Miaka ishirini na tisa alikuwa karani katika ghala la mizigo la reli, mwanamke wa kwanza kusimama pale mlangoni na daftari. Kule ghalani, kuli hatui mzigo kwa kuombwa na shangazi yake. Hutua akiitwa jina na karani, jina likishaandikwa, ili ijulikane nani kaleta nini. Kanuni hiyo aliijua kuliko Baba Yetu, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akija hapa kama mgeni wa hospitali.

Alirudi Buruburu, akalitoa sandukuni koti lake la kaki. Vifungo viwili kati ya vitatu vilikataa kufungika. Alichukua daftari na kalamu, akanywa kidonge cha goti, na saa sita alikuwa tena mbele ya bomba.

Mstari mzima ulinyooka.

Alitamani sana kuanza na wa saba. Lakini mstari haufunguliwi katikati, na katika maisha yake hakuwahi kumpendelea mtu ghalani. Alisimama mbele ya wa kwanza.

"Jina?"

"Muhidin, wa Pumwani."

Akaandika. "Muhidin wa Pumwani! Tua!"

Sanduku la risasi likashuka kwenye nyasi kwa kishindo. Muhidin alijishika shingo, akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, akaketi. Wa pili alikuwa Owiti, na kreti ya jemu. Alipofika kwa wa saba, sauti ya Truphena haikutikisika, kwa sababu sauti ya karani haitikisiki.

"Jina?"

"Kweyu, wa Butere."

"Kweyu wa Butere! Tua!"

Beseni likashuka. Kweyu akalikalia ukingoni, akanyoosha miguu, na Truphena akajivuna hadi kile kifungo kimoja kilichokuwa kimefungika kikakatika. Hakuketi naye. Walikuwa wamebaki mia mbili na watano, na lango hufungwa saa kumi. Wa mwisho alitua saa kumi kasoro dakika tatu.

Wiki iliyofuata alipeleka daftari ofisini kwa wasimamizi wa bustani, majina yote na anakotoka kila mmoja, ili yaandikwe ukutani. Wakamrudishia daftari pamoja na barua ya heshima. Walishukuru kwa bidii yake, ila majina yale hayawezi kukubaliwa kama ushahidi kwa kuwa yametolewa na wahusika wenyewe.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba alikwenda kuaga, akiwa amevaa koti lake la kaki. Mizigo ilikuwa imeondolewa kwa kosa la kuharibu nyasi, isipokuwa beseni. Hilo lilikuwa limesuguliwa likang'aa, likawekwa ndani ya kabati la kioo karibu na lango. Kibao chake kilisema: Beseni la kuogea la Kapteni Thornbury. Lilisafiri maili elfu moja na mia tatu.

Truphena alikisoma mara mbili, kisha akaenda nyuma. Wapagazi walikuwa wameketi, wengine wamelala chali, vichwa vitupu juani. Kweyu alimwambia shingo haimuumi tena. Kibao cha ukutani kilikuwa kilekile. Alisimama chini yake, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akaanza kuwaita mmoja mmoja kwa sauti ya ghalani, na kila aliyeitwa akaitika naam.

Mlinzi akaja mbio na daftari lake la wavunja kanuni, kumkumbusha kwamba langoni pana bango, na hapa panatakiwa kimya.

"Mimi nimeita tu," alisema Truphena. "Wanaoitika ni wao. Waandike wao."

Akafungua ukurasa wa pili.