Pointi za Kikombe H

Vikombe vya kuonjea kahawa huandikwa herufi, si majina. Ndivyo ushirika wa kina Jeanine huko Bukavu unavyofanya, ili mwonjaji asimpendelee ndugu wala asimkomoe adui. Kwa hiyo Jeanine alipotema kahawa ya kikombe H na kuipa pointi za chini, hakujua ni ya nani. Alijua leo, Joviale wa sekretariati alipoweka majina kwenye kompyuta. H ilikuwa ya Papa Zagabe wa Minova, baba mkwe wake.

Kwao, hata chumvi ikizidi kwenye sahani ya baba mkwe, mkamwana hafungui mdomo. Sasa yeye ameitema kahawa yake.

"Usiogope, dada," alisema Joviale. "Wakulima watapata matokeo tu. Pointi za kila mwonjaji nimezificha."

"Umeficha namna gani? Nitumie mimi kwanza."

Faili liliingia kwenye simu. Jeanine aligusa matokeo ya Papa Zagabe, na juu ya skrini ikajitokeza fomula: wastani wa pointi za Jeanine na waonjaji wenzake, Philémon na Élie, kila mmoja na ukurasa wake. Akabonyeza hapa na pale, ukurasa wake uliofichwa ukafunguka wote.

"Joviale! Huku ni kuficha ao ni kufunika sufuria na kioo?"

"Basi tufute kurasa zenu."

Alizifuta. Papo hapo matokeo yote yakageuka alama za kosa, maana hayakuwa na pa kuchotea tena.

"Umeua wakulima wote!"

"Ngoja, nitawafufua."

Joviale alirudisha kurasa, akanakili matokeo, akafungua faili jipya na kubandika namba peke yake, bila fomula. Jeanine aligusa tena. Namba tu, nyuma yake hakuna kitu. Akashusha pumzi.

Halafu akasema, "Usitume bado."

Namba tupu ingemwambia mzee nini? Mwaka ujao angekosea vilevile. Waliongeza safu moja, kila mkulima na sababu yake. Kwa Papa Zagabe, Jeanine aliandika: *Inanuka udongo. Imeanikwa chini.* Kisha wakatuma.

Haikuchukua muda simu ikalia. Alikuwa mzee mwenyewe.

"Mukamwana, umeona vile wamenifanyia? Eti kahawa yangu inanuka udongo!"

"Nimeona, papa."

"Nani huyo mwenye pua ya mbwa?"

Joviale alijiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakimtikisika.

"Hawaandikake majina, papa."

Jeanine alisikia kuku wakilia huko Minova.

"Turubai ilipasuka," mzee alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Tulianika chini, na mvua ikatukuta. Nilifikiri hakuna mutu atajua." Akakohoa. "Wewe unatumika kazi pamoja na hao watu. Uniulizie kama wako na meza za kukaushia."

"Ziko hapa depo, papa. Nitaomba zipande na gari ya kesho."

"Aksanti, mutoto yangu. Usalimie watoto."

Simu ilipokatika ndipo Jeanine alipogundua kwamba muda wote huo alikuwa amesimama, kichwa ameinamisha, kama yuko mbele yake.