Kiti cha Nyuma

Gari la Swedi lilikuwa na viti vya ngozi, na alihakikisha Chang'ombe nzima inalijua hilo. Asichokisema ni kwamba jua la Dodoma lilikuwa limevimaliza. Kiti cha nyuma kilikuwa kimepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua viatu. Basi mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, aliporudi kutoka Umra na kupumzika kwa dada yake Morogoro, Swedi ndiye aliyejitia kimbelembele: atamfuata yeye, kwa gari lake.

Methusela, fundi wa viti, alimwambia aliache gari kwake. Ngozi ioshwe kwa sabuni laini, nyufa zizibwe, ipakwe dawa yake kidogo kidogo, ikauke kivulini. Swedi hakuwa na subira hiyo. Alichukua dawa ya viatu ya kahawia, akaichanganya na mafuta ya alizeti ya jikoni kwa mkewe, Nasra, akasugua mpaka kiti kikang'aa. Mjinga akishaamua, nani wa kumzuia?

Wakirudi kutoka Morogoro, walipofika Ihumwa, Bi Mwanaidi aliomba ashuke akawanunulie wajukuu zabibu. Alikuwa amevaa gauni lake la Umra, jeupe pe. Alipotangulia kuelekea kwa wauzaji, Swedi akaliona: doa la kahawia, pana, pale pale anapokalia mtu.

Afanye nini? Mwanamume hataji makalio ya mama mkwe wake, hata kwa mafumbo. Angeweza kumpigia Nasra simu awangoje njiani na kanga. Angeweza kumwomba muuza zabibu, mwanamke mwenzake mama, amnong'oneze. Lakini angeulizwa doa limetoka wapi, na sifa zote zingeishia hapo. Aliona aibu, na bado akanyamaza. Akamfungulia mlango, wakaondoka.

Nyumbani walikuta wanawake wamejaa uani, matari yanalia. Bi Mwanaidi alishuka akitabasamu, akapita katikati yao. Vigelegele vikafifia. Mmoja akaziba pua, wengine wakatazama chini. Nasra alivua mtandio wake, akamfunga mama yake kiunoni, akamwingiza ndani haraka.

Tangu hapo mama hakutoka chumbani. Gauni hakumruhusu mtu kuligusa. Alilifunga kwenye mfuko, akaagiza lichomwe.

"Analia tu," Nasra alimwambia mumewe. "Anasema uzee umemvua nguo mbele za watu, na wala hakusikia chochote. Kanituma nikuombe radhi kwa ajili ya gari lako."

Swedi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kile kiti hata kukifuta hakuthubutu. Kila akikitazama uso ulimwaka.

Ijumaa, Bi Mwanaidi akasema anarudi kwake Kondoa. Swedi alitoka msikitini na kanzu yake nyeupe, akaleta gari mlangoni. Majirani walikuwa wamekuja kuaga. Mama akatoka, kaukumbatia mfuko mkubwa wa nailoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ngoja kwanza nitandike hii. Nisije nikakuchafulia tena viti vyako."

Swedi akafungua mlango wa nyuma, akakaa pale pale alipokuwa amekaa mama, akajikandamiza kwa uzito wake wote. Kisha akashuka, akampa mama mkwe wake mgongo, jambo ambalo mkwe hafanyi hata kwa bahati mbaya, akainama kidogo ili mama alione vizuri doa kwenye kanzu.

Jirani mmoja aliangua kicheko, kisha akajizuia.

"Ni dawa ya viatu, mama," Swedi alisema, bado amegeuka. "Niliipaka mimi, na mafuta ya alizeti. Wewe hukufanya kitu."



"Doa langu uliliona lini?"

"Ihumwa, mama."

"Pale kwenye zabibu?"

"Ndiyo, mama."

Alimsikia akiikunja ile nailoni polepole.

"Na ukanifungulia mlango nipande," Bi Mwanaidi alisema, "ukanileta kwa watu."

Swedi hakuweza kugeuka.